Heri ya Navaratri, majirani zetu

Jai Mataji! Wagujarati wa mtaani kwetu wameanza kutoa vyungu, nami nimejua usiku tisa wa kumsherehekea Mama, mungu wa kike wa Wahindu, umewadia.

Kila msimu huu mawazo yangu hupanda Pavagadh, mlima wa Gujarat wa karibu mita 800 uliosimama peke yake kwenye tambarare. Kileleni kuna hekalu la Kalika Mata, mojawapo ya sura za huyo Mama. Husimuliwa kwamba mwili wa Sati, mke wa mungu Shiva, ulipokatwa vipande, kidole cha mguu wa kulia kiliangukia pale. Ndani, Kalika ni kichwa tu, chekundu, na macho yanayokukodolea. Waumini humpelekea nazi na mtandio mwekundu wa tarizi. Siku hizi kuna gari la kebo la kukupandisha, ila ukishuka humo ngazi bado zinakungoja. Huko juu kuna mabwawa pia: moja la maziwa, moja la mafuta, moja la mtindi, kwa majina tu. Nadhani aliyeyabatiza alikuwa na njaa.

Kisa ninachokipenda ni cha Patai Rawal, mfalme wa Champaner, mji wa chini ya mlima. Usiku mmoja wa Navaratri Mama alishuka akajichanganya na wanawake, akacheza garba, ngoma ya duara ya sikukuu hii, kama mtu wa kawaida. Mfalme akamwona, akamtamani, akamshika upindo wa sari. Mama akamwambia: omba kingine chochote, nitakupa. Hakusikia. Akalaaniwa, na ufalme ukaenda. Wanahistoria watakutajia Sultani Mahmud Begada, aliyeuzingira mji hadi akauteka mwaka 1484. Bibi wa Kigujarati atakutajia ule mkono.

Ndiyo maana nikiwatazama mkizunguka kile chungu cha matundu, taa ya samli ikiwaka ndani na vimwanga vikitambaa kwenye sketi, huwa najiuliza ni nani aliyeongezeka kwenye duara. Sijui kucheza; hizo fimbo za ngoma ya dandia zilishanigonga vidole miaka ya nyuma, nikakoma. Nitakaa kwenye viti na wazee.

Nawatakia usiku tisa wa amani. Mabinti wacheze mpaka wachoke, na wafike nyumbani bila mtu kuwashika hata upindo. Na siku ya kumi, Dashera, mkishakaanga fafda na jalebi, mlango wangu mnaujua.