Pishi ya sita: salamu za Idi kutoka Kibokoni

Asalamu alaikum ndugu, jamaa na majirani, mlio Mombasa na mlio mbali. Mwezi umeandama, Ramadhani imetuaga. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awarehemu tuliofuturu nao mwaka jana na mwaka huu hawapo, atufikishe mwakani tukiwa wazima. Idi Mubarak.

Wengi wenu mwajua kijana wetu alichukuliwa jeshini. Alhamdulillahi, mafunzo amemaliza na kiapo amekula, na siku ya gwaride sisi wazee wake tulikuwako Eldoret.

Tulipanda treni Miritini hadi Nairobi, tukaunganisha matatu usiku ule ule. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ile mamake alijitanda leso mbili juu ya buibui na bado akatetemeka. Kisha bendi ikapiga, makuruta wakaingia uwanjani. Subhanallah! Vijana safu kwa safu, mguu mmoja, mkono mmoja, nguo moja. Nilimtafuta mwanangu nisimwone. Mamake ndiye aliyemjua, tena kwa kisogo: ana kovu pale, alilipata utotoni alipokuwa akichupa majini na wenzake akagonga jiwe. "Yule, safu ya pili, wa tano," akaninong'oneza. Nikamwona. Shingo imenyooka, macho mbele, hata kupepesa hapepesi. Nilitamani kumwita kwa jina. Sauti niliizuia, machozi hayakuzuilika.

Huyu ndiye niliyekuwa nikimgongea mlango mara tatu kabla ya alfajiri. Alipokuja likizo, niliamka nikamkuta ameshatawadha, ananingoja barazani twende msikitini. Mamake alimshika viganja akavigeuza kwenye mwanga: vimeota sugu kama vya mchukuzi wa bandarini. Hakusema neno, alivipaka mafuta ya nazi tu.

Sitawaficha, hatukumruhusu kwa wepesi. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na habari za El Adde, kambi yao iliyovamiwa huko Januari 2016, sidhani kuna mzazi Kenya aliyezisahau. Hofu hiyo haijatutoka. Tunaipeleka kwa Mola kila baada ya swala. Lakini pale uwanjani niliona wazazi wa kila pembe ya nchi, wengine kwa suti, wengine kwa shanga, kila mmoja akinyoosha shingo kumtafuta wake. Mama mmoja wa Kiturkana alikaa karibu na mke wangu. Lugha haikupatana sana. Walishikana mikono tangu gwaride lianze hadi liishe.

Sasa nifike kwenye hasa lililonifanya niandike. Zakatul fitri, chakula cha maskini kitolewacho Ramadhani inapoisha, ni pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba 4, na mwenye nyumba ndiye huwatolea walio chini yake. Sisi tuko sita. Juzi usiku nilitandika mkeka, nikatoa kibaba cha marehemu baba yangu, nikapima mchele: pishi sita, kama miaka yote. Nimo kufunga mfuko wa mwisho, simu ikalia. Ni yeye, kutoka kambi ya wanamaji Mtongwe.

"Asalamu alaikum, baba. Mwaka huu mimi usinipimie. Nimetoa mwenyewe, katika mshahara wangu."

Jamani, gwaride lilinitoa machozi mbele za watu, lakini maneno haya yalinikalisha kwenye mkeka hadi mamake akaja kuuliza kuna nini. Tangu azaliwe nimekuwa nikimpimia. Mwaka wa kwanza alikuwa na siku 9 tu duniani, nami nikampimia pishi kamili, nikijiona tajiri. Akataka na ya kwetu sisi atoe yeye. Hapo nikamkatalia, nikamwambia baba yako bado ana nguvu. Akacheka.

Pishi ile ya sita sikuirudisha guniani. Nimeipeleka sadaka, kwa nia yake na ya wenzake wote waliosimama naye uwanjani, Waislamu na wasio Waislamu.

Kesho ana zamu hadi adhuhuri, kisha atavuka na feri ya Likoni. Asubuhi kutakuwa na mahamri na mbaazi, mchana biriani. Atakayebisha hodi kabla ya magharibi atamkuta. Kullu aam wa antum bikheri.