Shukrani kwa dada aliyetufungua macho kwenye hesabu

Dada, hukutaka jina lako litajwe, nami nimetii. Ila ahsante lazima niiseme hadharani.

Ulilichukua daftari letu la mauzo, ukachora safu tatu kwa penseli: bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na muda ambao bidhaa inakaa rafuni. Basi. Hakuna michoro ya rangi wala maneno mazito. Kumbe bidhaa iliyokuwa inatoka kwa kasi ndiyo iliyokuwa inatuachia faida ndogo kuliko zote.

Halafu suala la punguzo. Ulisema kama faida ni 20% ya bei, ukishusha bei kwa 10% itakubidi uuze mara mbili ya idadi ya mwanzo ili ubaki na faida ile ile. Mwenzangu alibisha, akapiga hesabu mwenyewe kwenye simu, akanyamaza. (Nilifurahi, sifichi.)

Wadaiwa nao uliwapanga kwa umri wa deni, waliopitisha siku 90 wakiwa juu kabisa. Sasa tunawapigia kwa mpangilio huo, na wanalipa, ingawa kwa manung'uniko.

Malipo uliyakataa. Mungu akuzidishie.