Mifuko ya kanda ya Ulaya inavujia wapi

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa michango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki unapopamba moto, hakosi mtu wa kutuambia tuwaige Umoja wa Ulaya, ambako nchi tajiri huchangia zaidi na kanda maskini hupata zaidi. Kwetu Ibara ya 132 ya Mkataba inataka michango sawa, Kenya na Burundi vilevile, kwa hiyo kishawishi naelewa. Ila Ulaya wenyewe sasa wanaifumua mifuko inayozigawia kanda fedha hizo, na ni vizuri tutazame mshono gani unaofumuliwa.

Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 fedha za kusawazisha kanda ni takriban yuro bilioni 392, karibu theluthi ya bajeti ya Umoja. Kanda ambayo pato lake kwa kila mkazi liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja hulipiwa hadi asilimia 85 ya gharama ya mradi. Zilizo juu ya wastani, kwa kawaida asilimia 40.

Tatizo ni kwamba wastani husogea. Nchi kumi zilipojiunga mwaka 2004, nyingi zikiwa maskini, wastani ulishuka, na kanda kadhaa za mashariki ya Ujerumani zikajikuta zimevuka mstari wa 75 bila mkazi wake hata mmoja kuongeza kipato. Ikabidi zipewe fungu la mpito. Poland nako, utajiri wa Warsaw uliinua pato la jimbo zima la Mazowieckie hata wilaya za mashambani zikahesabiwa zina nafuu. Dawa? Jimbo lilikatwa vipande viwili kitakwimu tu. Serikali yake ikabaki moja.

Kinachoumiza zaidi ni jinsi fedha zinavyotoka. Halmashauri hutangaza zabuni, humlipa mkandarasi, hukusanya ankara, ndipo hudai irejeshewe. Malipo ya awali katika kipindi hiki yalipangwa kuwa asilimia 0.5 tu ya fungu kwa mwaka. Kwa mradi wa yuro milioni 10 katika kanda maskini, milioni 1.5 lazima zitafutwe nyumbani, na juu yake mkopo wa kuziba pengo wakati madai yakikaguliwa. Na kuna tarehe ya mwisho: fungu la 2022 lisilodaiwa hadi mwisho wa 2025 hufutwa. Ndiyo maana mwishoni watu hukimbilia kutandaza matofali kwenye uwanja wa mji, si kujenga mtambo wa majitaka unaodai miaka ya michoro na vibali. Kisha tunaambiwa halmashauri "hazina uwezo", kana kwamba kanuni hazikuchangia.

Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ilipendekeza kwamba kuanzia 2028 hadi 2034 fedha za kanda na za wakulima ziingie katika mpango mmoja kwa kila nchi, jumla yuro bilioni 865, na malipo yafuate hatua zilizofikiwa badala ya ankara. Nusu ya pendekezo hilo ni nzuri, maana mhasibu wa mji mdogo angepumua. Lakini wakaguzi wa Umoja walishaonya kuhusu mfuko wa kujikwamua baada ya korona, uliotumia njia hiyohiyo: unajua hatua imetimizwa, hujui iligharimu kiasi gani. Basi hatua iwe kitu cha kupimwa, tuseme kilomita za bomba lenye maji, na bei ya kila kilomita ikubaliwe kabla ya zabuni. Nusu ya pili, ya kuweka kila kitu katika mpango wa taifa, inaifanya kanda kuwa mwombaji katika mji mkuu wa nchi yake yenyewe. Kanda nyingi zimelipinga hilo, na zina haki.

Sisi tungeanzia kwenye takwimu. Kenya ina kaunti 47, Tanzania Bara mikoa 26, na maeneo hayo hayalingani kwa idadi ya watu wala kwa madaraka. Mstari wa asilimia 75 ungechorwa juu ya nini? Ofisi za takwimu za nchi zote nane zikubaliane kwanza kuhusu ukubwa wa kanda na jinsi ya kukokotoa pato lake. Halafu, siku mfuko utakapoundwa, malipo ya awali yasiwe chini ya asilimia 20, la sivyo Kigoma na Turkana zitashindwa hata kutangaza zabuni.

Msomaji wako,
Arusha