Darubini ya Mzee

Rafiki yangu wa tangu na tangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu. Najua nimekaa kimya mno, na barua yako ya mwisho ilikuwa na maswali ambayo bado sijayajibu. Nitayajibu, ila si leo. Leo nina jambo linaloninyima usingizi, na wa kunisaidia ni wewe.

Ni Mzee. Tangu astaafu, habari yake ni ndege tu. Asubuhi yuko nje kabla hatujaamka, na lile daftari alilokuwa akiandikia hesabu za kazini sasa limejaa mbayuwayu na mwewe. Tumeamua kumchangia darubini. Fedha si nyingi, na kaka mkubwa ameshachagua: ile ya kuvuta, inayotangazwa kwamba inakuza mpaka mara 20. "Macho ya Mzee yamechoka, apewe kitu chenye nguvu," anasema, na wenzangu wote wameitikia.

Mimi nimekataa. Juzi jirani alimwazima Mzee darubini ndogo ya mfukoni. Juu ya mti kulikuwa na kigong'ota, anagonga, sote tunamsikia. Mzee akainua darubini, akaisogeza huku, akaisogeza kule, kisha akairudisha akasema, "Naam, nimemwona. Mzuri kweli." Kigong'ota alikuwa ameshahamia nyuma ya shina kitambo. Jioni nilichungulia daftari: hakumwandika. Moyo uliniuma, nakwambia.

Ile darubini nimeitazama baadaye. Imeandikwa 12x25, yaani inakuza mara 12 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 25. Ulinifundisha mwenyewe kugawanya namba ya pili kwa ya kwanza, basi nikagawanya: duara la mwanga linalofika jichoni ni kama milimita 2 tu. Chini ya miti, alfajiri, hiyo ni giza. Tena kukuza mara 12 maana yake na mtetemo wa mikono unakuzwa mara 12, na mikono ya Mzee unaijua. Sasa ndege kwa hiyo ya mara 20 ataonekanaje? Na kadiri inavyokuza ndivyo eneo unaloliona linavyobana. Ndege ameruka kabla hujampata. Halafu hizi za kuvuta za bei nafuu, picha yake hufifia ukishavuta mpaka mwisho.

Lakini kubwa kuliko yote ni miwani. Nilipoazima miwani ya Mzee na kuitazamia ile darubini, niliona kitundu kama sarafu katikati ya weusi. Jicho lilikuwa mbali mno na kioo. Mwenye miwani anahitaji darubini inayotoa picha nzima hata jicho likiwa milimita 15 au zaidi nyuma ya kioo, na vikombe vya macho, vile vinavyozunguka vioo vya kuchungulia, vikunjwe vishuke. Kaka anasema avue miwani. Angeweza, kama gurudumu la katikati, lile la kusawazisha picha, lingerekebisha kila kasoro ya jicho, lakini Mzee ana astigmatizimu, yaani jicho halikupinda sawasawa pande zote, na kasoro hiyo haiguswi na gurudumu. Isitoshe, akivua miwani atamtafutaje ndege kwa macho matupu?

Kwa hiyo mimi nataka 8x42. Mwanga wake ni milimita 5 na ushei, mkono unatulia, na eneo ni pana. Kaka anaona kushuka kutoka 20 hadi 8 ni kumpunja Mzee. Nimemweleza hadi koo likakauka.

Kwa fedha tulizo nazo naelekea kwenye zile za umbo la zamani, zenye mabega, maana kwa bei ileile kioo chake mara nyingi hushinda zile nyembamba zilizonyooka. Ila ni pana mkononi, na nyingi hazizuii maji, naye Mzee mvua haimrudishi ndani. Hapo ndipo ninapokwama. Nikiongeza kidogo naweza kupata nyembamba iliyojazwa naitrojeni isiyoingia ukungu, lakini kioo chake kitakuwa cha namna gani? Nawaza hivi, nawaza vile, kisha namkumbuka tena akirudisha ile ya jirani huku akitabasamu.

Ndiyo maana nakuomba uje, na darubini yako ije begani kama kawaida yako. Asijue kwamba tunampima. Akijua, ataona kila kitu hata kisichokuwepo. Mpe tu mkiwa mnatembea, umrekebishie na kile kipete cha jicho la kulia.

Je, yako jicho linakaa milimita ngapi nyuma ya kioo? Uzito wake umewahi kukuumiza shingo, au ule mkanda wa kupita mgongoni umesaidia? Iliyotumika unaniruhusu ninunue, nikishaimulika tochi kuangalia kuvu ndani ya lenzi na kuhakikisha picha mbili zinakuwa moja? Au nimsubirishe Mzee mpaka tuongeze fedha? Na utaweza kuja lini? Kaka anataka kulipa wiki ijayo.

Ukija, usimuulize Mzee kama ameona. Mimi nitachungulia daftari jioni.

Wako akupendaye,
Mimi