Kidole kisiposoma isiwe kosa la mwenye kidole

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa kooni. Mama yangu mdogo yuko huku Chamwino, kagonga kokoto miaka mingi mpaka ncha za vidole zimelainika kama mgongo wa kijiko. Majuzi kaenda kumwona binti yake aliyeolewa nchi jirani, kufika mpakani akaambiwa weka dole gumba, mashine ikagoma, akafuta kwenye kanga, ikagoma, mkono wa kushoto nao hivyohivyo, kijana wa dirishani akaanza eti mama hii pasi ni ya nani? Pasi yake mwenyewe! Akawekwa pembeni toka asubuhi mpaka saa tisa, basi likaondoka na kuku wake wawili.

Mi sipingi hii teknolojia jamani, pasi za elektroniki tunazo tangu 2018 na laini za simu tumesajili kwa vidole hivihivi. Ila mashine haimjui mtu, yenyewe inalinganisha tu alama na ile iliyohifadhiwa, sasa mkulima, fundi ujenzi, bibi ambaye ngozi imekauka, hapo si nusu ya mtaa wetu? Na sura nayo usiseme ndo suluhisho, taasisi ya viwango ya Marekani NIST ilizipima programu za kutambua sura ikatoa ripoti 2019, nyingi zilichanganya watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko wazungu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inaziweka alama za vidole kwenye taarifa nyeti, na inampa mtu haki pale anapoamuliwa na mashine peke yake. Najua kuna msamaha kwa mambo ya usalama wa taifa, sawa, lakini kugonga kokoto sio tishio kwa taifa. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walioanza kuchukua vidole na sura za wageni mipakani Oktoba 2025 angalau wamesema wanakaa nazo miaka 3, mama mdogo yeye hakuambiwa chochote na wala hakuona kibao.

Tume yenyewe ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria hiyo, ofisi iko hapahapa Dodoma, basi iwabane wahusika wabandike kwa Kiswahili kidole kikigoma afisa anafanya nini, na kwa muda gani.

Mwenyewe kashajiongeza, anasema safari ijayo ataacha nyundo wiki mbili apake mafuta ya alizeti, labda vidole vitarudi.

Msomaji wenu, Chamwino