Barua ya malalamiko: gitaa lenye sauti nzuri lisiloshika tyuni

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: GITAA LA NYUZI ZA NAILONI LILILOTENGENEZWA KWA MKONO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa gitaa hapa Tanga. Miezi miwili iliyopita nilinunua kwenu gitaa hilo kwa shilingi 1,850,000, fedha nilizodunduliza kwa miaka miwili.

Kwanza nimpe fundi wenu haki yake. Ubao wa mbele, wa mwerezi, ni kazi safi. Nikipiga uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, bila kuukandamiza, naihisi besi mbavuni pale gitaa linaponigusa. Uzi wa tatu, ambao kwenye magitaa mengi ya nailoni hufifia kama umefunikwa kitambaa, hapa unasema waziwazi. Sijawahi kumiliki gitaa lenye sauti kama hii, na ndiyo maana jambo hili limeniuma.

Mkono wa kushoto ukipanda shingoni, mambo yanaharibika. Kodi (yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya E meja pale chini, karibu na kichwa cha gitaa, iko sawa. Nikiipiga kuanzia freti ya 7 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), nyuzi zinagombana.

Nilipowapigia simu niliambiwa nailoni huchukua siku kadhaa kutulia. Ni kweli, nami nilisubiri wiki tatu, kisha nikafunga seti mpya. Lakini kipimo changu hakihusiani na kulegea kwa nyuzi. Naugusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, ulie ule mlio mwembamba kama wa kengele. Halafu naukandamiza palepale na kuupiga tena. Milio hiyo miwili inapaswa kuwa sauti moja, uzi uwe umekazwa au umelegea. Kwenye gitaa lenu, mlio wa kukandamiza unapanda kwa senti 15 hadi 20; senti ni kipimo cha tofauti za sauti, na nusu toni nzima ni senti 100. Nyuzi zote sita ziko hivyo.

Nikachukua rula. Kutoka mfupa wa kichwani, ambapo nyuzi huanzia, hadi katikati ya freti ya 12 ni milimita 325. Kutoka hapo hadi mfupa wa darajani, yaani kwenye kipande cha ubao wa mbele ambako nyuzi huishia, ni milimita 323. Upande huu wa pili ndio unaotakiwa kuzidi, walau kwa milimita moja au mbili, kwa sababu kidole kikikandamiza uzi huuvuta na kuipandisha sauti. Daraja limegundishwa mbele mno, karibu na shingo kuliko inavyotakiwa. Tena uzi wa sita umeinuka milimita 5.5 juu ya freti ya 12, wakati 4 zinatosha, kwa hiyo kila ukikandamiza unazidi kuuvuta. Mwanafunzi wangu wa miaka 11 alijaribu kodi ya F, akanirudishia gitaa huku akinionyesha kidole cha shahada kikiwa na mfereji mwekundu.

Fundi mmoja wa hapa alitaka kuuchonga mfupa wa darajani ili nyuzi zishuke. Nilimkatalia. Kuchonga kungepunguza kimo tu, daraja lingebaki palepale lilipokosewa.

Ninachoomba ni mlichukue gitaa kwa gharama zenu, daraja libanduliwe na kugundishwa mahali pake, na mfupa upunguzwe. Kama hamwezi, nirudishiwe fedha zangu zote. Mimi ningependa litengenezwe, kwa ajili ya ubao ule.

Nimeambatisha picha za vipimo, risiti, na rekodi ya nyuzi zote sita. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa gitaa, Tanga