Ramani ya malezi ya watoto ioneshe na saa

Ndugu Mhariri,

Mtaani kwetu Tandale kuna mama anayelea watoto kumi na mmoja kwenye chumba kimoja. Asubuhi hupanga vikombe vya uji dirishani, kila kimoja kimeandikwa jina la mtoto kwa makapeni. Hana usajili, hayumo kwenye orodha yoyote.

Naomba tuchore ramani ya malezi ya watoto, kata kwa kata. Uwezo tunao. Vijana wa Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, walipita mitaa ya Dar es Salaam wakichora mitaro na nyumba ili kukabiliana na mafuriko. Sensa ya 2022 ilihesabu watu na majengo kwa vishikwambi. Hesabu ya watoto wadogo ipo. Sasa iwekwe pamoja na vituo vya kulelea watoto mchana, vyenye usajili na visivyo nao.

Lakini wasiishie kuweka alama ya kituo tu. Waulize kinafunguliwa saa ngapi na ada ya siku ni kiasi gani. Mimi natoka nyumbani saa kumi alfajiri kuwahi samaki soko la Feri. Kituo cha jirani, dakika tano kwa miguu, hufunguliwa saa moja na nusu. Kwenye ramani nitaonekana nina huduma mlangoni, kumbe mwanangu yuko kwa mama yule wa vikombe.

Na maofisa wakimfikia, tafadhali wasiende na kufuli. Waende na mafunzo, na wamsaidie kujenga choo cha watoto.

Mama muuza samaki,
Tandale, Dar es Salaam